Hotuba Aliyotungiwa Kiboko

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa nini?

—Sema wewe, sisi tumekaa!

Haya, mliokaa mpisheni aliyesimama, na aliyesimama akunje miguu, hadithi haipiti juu ya vichwa vya watu. Palikuwa na bwawa. Bwawa lenyewe lilikuwa katikati ya mbuga, upande huu majabali, upande ule matete. Ndani ya bwawa alikaa Kiboko, na Kiboko ndiye aliyekuwa mtemi wa mbuga ile.

Mnamjua Kiboko. Tumbo kama ghala. Shingo hana, haya hana. Akitoka majini ardhi inalia dududu, dududu! Akipumua maji yanaruka fuuu! Akikasirika, hata Tembo anakumbuka kwamba ana safari.

Lakini Kiboko alikuwa na shida. Hakujua kuhutubia. Akisimama mbele ya wanyama alisema anachokitaka, vilevile kilivyo, bila kukivika nguo. "Nataka majani yenu," anasema. Wanyama wananuna. Wanaanza kugonga kwato chini, ko, ko, ko. Na Kiboko akisikia zile kwato anarudi majini taratibu, maana mmoja mmoja aliwaweza, lakini wote kwa pamoja hakuwaweza.

Basi akatafuta mtunzi wa hotuba.

Kule majabalini aliishi Bi Pimbi na wanawe. Bi Pimbi alikuwa mdogo, ukimwona kwa mbali ungedhani ni panya aliyeolewa kwenye ukoo wa matajiri. Mkia hana. Lakini mdomo! Siku moja Tai alitua amnyakue, Bi Pimbi akasema naye, akasema naye, mpaka Tai akaomba radhi na kuulizia hali ya watoto.

Kiboko akamwita. "Kuanzia leo wewe ndiye mtunzi wa hotuba zangu. Wewe utatunga, mimi nitasema. Ukimwambia mtu kwamba maneno ni yako, nitakukanyaga."

"Na mimi nitapata nini, Mtemi?"

"Utakunywa kabla ya wengine, wewe na wanao."

Ulikuwa mwaka wa jua kali. Mvua zilikuwa zimepita mbali na mbuga ile bila hata kuaga. Bi Pimbi akawatazama wanawe, midomo yao imekauka.

"Hewala, Mtemi," akasema.

Basi Kiboko akasema, "Nataka ukingo wa kusini, ule wenye majani mabichi. Wengine wasiukanyage. Tunga."

Bi Pimbi akajikuna sikio. Akajikuna la pili. Akatunga, na Kiboko akayameza yale maneno pamoja na matete, munya munya munya, mpaka akayajua. Kesho yake akapanda juu ya jiwe bapa lililo kando ya bwawa. Wanyama wote wakaja.

"Ndugu zangu!" Kiboko akanguruma. "Ukingo wa kusini una utelezi! Watoto wetu wanaanguka! Ni mtemi gani atakayelala usingizi watoto wakianguka? Kuanzia leo ukingo ule nitaukalia mimi. Niteleze mimi, msiteleze ninyi!"

Wanyama wakapiga makofi. Pa! Pa! Pa! "Mtemi wetu ana huruma!"

Walipofika nyumbani ndipo Swala akauliza, "Na majani je?" Wakarudi kuuliza. Kiboko akapanda tena jiwe lake, akasema, "Neno likishasemwa juu ya jiwe hili halirudi!" Ikawa sheria. Wakaenda zao.

Siku hazikupita nyingi, Kiboko akamwita tena Bi Pimbi. "Nataka asubuhi. Maji ya asubuhi ni baridi na safi. Wengine wasinywe mpaka jua liwake. Tunga."

Bi Pimbi akajikuna sikio. Akajikuna la pili. Akatunga. Munya munya munya. Kiboko akapanda jiweni.

"Ndugu zangu! Maji ya asubuhi yana baridi! Baridi huleta kikohozi! Ni mtemi gani atakayelala usingizi watu wake wakikohoa? Kuanzia leo maji ya asubuhi nitayanywa mimi. Nikohoe mimi, msikohoe ninyi!"

Pa! Pa! Pa! "Mtemi wetu ana huruma!"

Na Bi Pimbi alikuwa wapi? Alikuwa amejificha kwenye ufa wa jabali, midomo yake inacheza pamoja na ya Kiboko. Kusema kweli aliona fahari. Pale alipopanga wacheke, walicheka. Pale alipopanga wapige makofi, walipiga. Ndevu zake zilitetemeka kwa raha. Siku ya tatu baada ya hotuba, alikunywa maji yake ya asubuhi, akalowesha manyoya yake vizuri, akashika njia ya nyumbani, chaka chaka chaka.

Njiani akakutana na Kanga.

"Shoga, hujambo?" akamwuliza.

"Sijambo, shoga. Ulikuwepo kwenye hotuba? Maneno yalikuwa matamu hayo! Nilipiga makofi, mbawa zinauma mpaka leo."

"Na vifaranga wako? Mbona wamelegea?"

"Wana kiu," Kanga akasema. "Sisi tulikuwa tunakunywa alfajiri, bweha wakiwa bado wamelala. Sasa tukisubiri jua liwake, bweha wanatusubiri njiani. Jana tulirudi bila kunywa. Na leo mdogo wao amekaa chini kule kichakani, hataki kuinuka." Kisha akasema, "Lakini si neno. Mtemi anatuhurumia. Si ulimsikia mwenyewe?"

Bi Pimbi akageuza njia. Akamfuata Kanga mpaka kichakani. Kifaranga alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Bi Pimbi akainama juu yake, akayakamua manyoya yake yenye maji. Tone. Tone. Tone. Kifaranga akameza. Likafunguka lile jicho. Baada ya muda akainuka, akaanguka, akainuka tena.

"Mungu akubariki, shoga," Kanga akasema. "Umelowa wapi saa hizi?"

"Kwenye umande," Bi Pimbi akasema. Na umande ulikuwa umekauka zamani.

Alikwenda nyumbani, lakini hakuingia ndani. Alikaa juu ya jabali, jua linampiga, akimwona bado moyoni yule kifaranga. Alijua ni neno gani lililomlaza pale chini, maana alilichagua mwenyewe. Kwanza alitaka kusema "mafua". Akaona "kikohozi" kinanguruma vizuri zaidi mdomoni mwa Mtemi.

Akajiambia, "Njia hii niliifunga kwa maneno. Nitaifungua kwa maneno." Akasimama. Tangu hapo moyo wake haukugeuka tena.

Haikuchukua muda, Kiboko akamwita.

"Nataka bwawa."

"Lote, Mtemi?"

"Lote. Wao wakanywe kwenye mto wa mbali."

"Mto wa mbali umekauka, Mtemi."

"Ndiyo maana nataka bwawa," Kiboko akasema. "Na nataka wakubali wenyewe. Wapige makofi. Tunga."

"Na nikishindwa?"

Kiboko akamtazama kwa jicho la upole. "Hivi una watoto wangapi?" akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya mapera sokoni.

Bi Pimbi akatazama kule majabalini walikokuwa wanawe. Akasema, "Hewala, Mtemi. Nipe hadi jua lifike utosini."

Jua lilipofika utosini akarudi, akasimama mbele ya pua ya Kiboko. "Hotuba iko tayari. Inaanza hivi: Bwawa hili ni langu!"

"Mmh! Nzuri hiyo. Fupi, tena tamu."

"Ni tamu, Mtemi, lakini ukisema hivyo peke yake watagonga kwato. Sharti uwape kitu."

"Siwapi kitu!"

"Huwapi kitu. Unawapa neno."

"Neno gani?"

"Unasema: Bwawa hili ni langu, na langu ni lenu! Wakishapiga makofi, wakishalewa yale makofi, ndipo unawaambia waende mto wa mbali. Wataondoka wakiimba."

Kiboko akaacha kutafuna. "Hapo ngoja. Bwawa ni langu. Langu ni lenu. Hapo sipaelewi vizuri."

"Mtemi, hayo ni maneno ya hotuba," Bi Pimbi akasema. "Kila mkubwa husema, 'Mimi ni mtumishi wenu.' Umewahi kumwona mkubwa aliyetumwa dukani?"

Kiboko akafikiri. Kisha tumbo likaanza kutikisika. "Hoh! Hoh-hoh-hoh!" Maji yakamwagika ukingoni. "Kweli! Nani amewahi kumtuma!"

"Basi, hata hili nani atakuja kulidai? Ila sema kwa sauti, usimung'unye. Ukimung'unya watajua wewe mwenyewe huamini."

"Na watapiga makofi?"

"Makofi kama hayo hujapata kuyasikia tangu uzaliwe."

Munya munya munya. Kiboko akameza hotuba, akajilamba.

Bi Pimbi akaenda moja kwa moja kwa Kanga. "Shoga, kesho Mtemi anahutubia. Ukiniona nashuka, shuka."

"Kushuka wapi?"

"Majini. Nyuma yangu, na wanao wote."

"Mbele ya Mtemi? Mbele ya askari wake Ngiri na yale meno yake? Mimi naogopa, shoga."

"Hata mimi naogopa," Bi Pimbi akasema. "Lakini nitashuka."

Kulipokucha wanyama wakaja, vumbi mpaka mawinguni. Nyati walikuja, pundamilia walikuja, twiga walikuja wakainamisha shingo wasiwazibe wenzao. Ngiri, askari mkuu wa Mtemi, akasimama kati yao na maji, meno nje. Kiboko akapanda jiwe, dududu, dududu.

"Ndugu zangu! Bwawa hili ni langu!"

Masikio yote yakasimama. Halafu kwato moja, ko. Kwato nyingine, ko, ko. Kiboko akatokwa na jasho. Akatupa jicho kwenye ufa wa jabali. Bi Pimbi akamwashiria kwa kichwa: endelea.

"Na langu," Kiboko akanguruma, "ni lenu!"

Kwato zikanyamaza. Wanyama wakaangaliana. "Amesemaje?"

"Bwawa hili ni langu! Na langu ni lenu!"

Pa! Pa! Pa! Makofi yakalipuka. Kiboko akayasikia yakiingia masikioni kama asali. Hajapata kupigiwa makofi namna ile! Akasahau kwamba kuna sehemu iliyobaki. Akataka zaidi.

"Bwawa la Mtemi ni la nani?"

"Letu!"

"Sikusikia! La nani?"

"Letuuu!"

Pa! Pa! Pa! Hapo hapo Bi Pimbi akatoka kwenye ufa. Akashuka. Chaka chaka chaka. Akapita katikati ya miguu ya nyati, akapita chini ya tumbo la pundamilia, akamfikia Ngiri.

"We, unakwenda wapi?" Ngiri akauliza.

"Kunywa maji yetu."

"Jua halijawaka bado."

"Hukusikia? Mtemi kasema juu ya jiwe."

Makofi yakakatika. Kiboko akatazama chini, akamwona. "Mzuie huyo!" akafoka. "Ngiri, mzuie!"

Bi Pimbi akageuka. Akainua kichwa kulitazama jiwe. Akauliza, "Mtemi, bwawa ni la nani?"

"Ile ilikuwa hotuba tu!"

"Neno likishasemwa juu ya jiwe hili, linarudi au halirudi?"

"Hili linarudi!"

"Basi neno la ukingo wa kusini nalo lirudi. Na neno la asubuhi nalo lirudi."

Ko, ko, ko, zikaanza kwato. Swala akasema kwa sauti, "Eeh! Majani yetu!"

Kiboko akaona anaupoteza ukingo. "Halirudi!" akasema haraka. "Neno la jiwe halirudi!"

"Basi tunywe," Bi Pimbi akasema.

"Linarudi!"

"Basi ukingo."

"Halirudi!"

"Basi tunywe."

Kiboko akageuka huku, akageuka kule. Na wakati anageuka, Kanga alikuwa ameanza kushuka. Alishuka hatua moja, anasimama, hatua moja, anasimama, vifaranga nyuma yake piu piu piu. Ngiri akawatazama wale vifaranga. Akamtazama Mtemi. Sasa, msisahau kwamba hata askari ana koo, na koo la Ngiri lilikuwa limekauka kama la raia yeyote. Akafikiri kidogo, jambo ambalo hakuajiriwa kulifanya. Kisha akageuka, akampa Mtemi mgongo, akatumbukiza pua majini. Gugugugu.

Ikawa basi. Waliobaki wote wakashuka.

Kiboko akaruka kutoka jiweni amkanyage Bi Pimbi, lakini hakupata pa kupita. Mbele nyati, pembeni pundamilia, kila mahali miguu na pembe. Akabaki kupiga kelele: "Yale maneno si yangu! Ni ya Pimbi! Hotuba zote anatunga Pimbi!"

Wanyama wakainua vichwa, maji yanadondoka midomoni. Wakamtazama Bi Pimbi. Angeweza kukana. Nani angemwamini Kiboko siku ile?

"Ni kweli," Bi Pimbi akasema. "Nilitunga mimi. Hii ya leo, na ile ya ukingo, na ile ya asubuhi."

Kanga akamgeukia polepole. "Na lile la kikohozi?"

"Langu."

Kanga akageuza kichwa. Pembeni yake yule kifaranga mdogo alikuwa ameingia majini mpaka magotini, anakunywa, anainua kichwa, anakunywa. Kanga akamtazama kwa muda mrefu.

"Kunywa kwanza," akamwambia Bi Pimbi. "Tutagombana baadaye."

Na waligombana kweli! Kanga alipiga kelele mpaka majabali yakajibu, na Bi Pimbi, na mdomo wake wote ule, alisikiliza mpaka mwisho bila kurudisha neno. Miezi ilipita kabla hawajaitana shoga tena.

Kiboko je? Alizama bwawani kwa aibu, akaacha macho na pua tu, na mpaka leo ndivyo anavyokaa mchana kutwa. Mara mojamoja utamwona anainua kichwa na kupanua kinywa, aaaah, kikubwa kama mlango wa zizi. Watu husema anapiga miayo. Si miayo. Anataka kuhutubia. Anasubiri neno la kwanza, neno haliji, anafunga.

Na Bi Pimbi alipoteza kazi. Sasa anapanga foleni ya maji kama wengine, na mara nyingi anaangukia nyuma ya nyati, nao nyati hawana haraka. Lakini kila asubuhi anapanda juu ya jabali lake na kuhutubia mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, krii-krii-krii, mambo ya tai, mambo ya bweha, mambo ya foleni. Hakuna anayempigia makofi. Hajaacha.

Haya, na funzo lake ni nini? Funzo lake ni kwamba maneno hayazimi kiu. Kwa hiyo, wanangu, mkimsikia mkubwa anahutubia, msisikilize hata kidogo anachosema. Pigeni makofi, rudini nyumbani, mkalale.

—Lakini wale walisikiliza, ndiyo maana wakanywa!

Ndiyo, wakanywa. Na bwawa lote likajaa tope. Mnaona hasara ya kusikiliza?

Hadithi imefika kwake, imevua viatu. Utamu wake gawaneni, na uongo wake niachieni mimi, nina watu wa kuwauzia.